Apu ya kuhesabu hatua: namba inatoka wapi, inakusukumaje, na kwa nini wengi tunaiacha njiani

Jioni moja mama alinifuata na simu mkononi, uso umemkunjamana. Ana miaka 67, siku tatu nyuma nilikuwa nimemwekea apu ya kuhesabu hatua baada ya daktari kumwambia ajitahidi kutembea, na siku hiyo alikuwa hajakaa chini tangu asubuhi, kafua, kafagia, kapanda ngazi na kushuka mara ngapi sijui. Apu inamwambia kapiga hatua 412. Akaniuliza, "Mwanangu, hii inanidanganya, au mimi ndo nazeeka hadi nikitembea haisikiki?" Nikamuuliza simu ilikuwa wapi. Kumbe ilikuwa kwenye chaji, mchana kutwa.

Nilimweleza akaelewa, ila swali lake lilinikaa kichwani maana nimeona watu wazima wengi wakikwama hapohapo. Mtu anapakua apu na moyo mweupe kabisa, wiki ya kwanza anahangaika nayo, halafu namba inampinga, au inamchosha, au inamfanya ajione mvivu, na baada ya mwezi inakaa tu kwenye simu inakula nafasi. Mimi mwenyewe nimefuta na kurudisha apu za aina hii zaidi ya mara tano. Kwa hiyo nimekaa nikasoma tafiti na nikaangalia yanayotutokea nyumbani, na nataka nieleze hili jambo kwa kirefu, kwa sababu naamini hizi apu zinasaidia kweli, ila zinasaidia kwa njia tofauti na tunavyodhani.

Tuanze na namba inatoka wapi. Ndani ya simu kuna kidude kidogo mno kinaitwa akselerometa, na ndani ya hicho kidude kuna kijiuzito cha silikoni kilichoshikiliwa na vispringi ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Simu ikitikisika kile kijiuzito kinasogea kidogo, umeme unaopimwa pale unabadilika, na simu inajua imesukumwa upande gani, juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ukitembea, kila mguu unapotua mwili unatikisika, na ule mtikisiko ukichorwa unatoka kama mawimbi yanayofuatana kwa mpangilio, kwa hiyo programu inahesabu vilele vya mawimbi basi. Haijui mguu ni nini. Inajua mdundo tu. Ndo maana apu nyingi haziongezi kitu ukipiga hatua mbili tatu kutoka kwenye kiti hadi dirishani, zinasubiri mdundo ukae sawa kwanza ziamini kwamba kweli huyu anatembea na sio simu inarushwarushwa kwenye mkoba.

Ukishaelewa hivyo mambo mengi yanajieleza yenyewe. Mzee anayeburuza miguu polepole anahesabiwa pungufu kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Ukivaa saa janja halafu ukawa unasukuma kiti cha mgonjwa au kigari cha mtoto, mikono haipungi, saa inaona umetulia. Ukiendesha baiskeli saa nzima hadi jasho linakutoka, hatua zako ni chache mno. Ukibeba vitu vizito, ukiogelea, ukifanya mazoezi ya kunyanyua, hivyo vyote ni kazi kubwa ya mwili na kwenye namba ya hatua havipo au vipo kidogo. Kwa mtu mwenye afya anayetembea kwa mwendo wa kawaida simu ikiwa mfukoni, hesabu huwa nzuri tu, kuna jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililochapishwa 2015 ambapo vijana 14 walitembezwa kwenye mashine ya kutembelea huku wakihesabiwa kwa macho, na simu zikatofautiana na hesabu ya kweli kwa hadi asilimia 6 na pointi kidogo, wengine juu wengine chini. Ila hao ni vijana kwenye mashine iliyonyooka, sio mama yangu kwenye ngazi.

Kwa hiyo namba ya apu ichukulie kama mizani ya dukani ambayo imepinda kidogo. Haikupi uzito sahihi, lakini kama imepinda vilevile kila siku, itakuonyesha vizuri kama umeongeza au umepunguza. Jilinganishe na wewe wa wiki jana, simu ikiwa sehemu ileile ya mwili. Ukijilinganisha na rafiki yako mwenye simu nyingine na mwendo mwingine mnapima kwa mizani mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye lile lengo la hatua 10,000 kwa siku, maana hili limeumiza watu wengi. Karibu kila apu ukiifungua inakupa lengo hilo bila hata kukuuliza wewe ni nani. Watu wanaamini ni namba ya madaktari. Asili yake ni Japani, 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, linavutia, linakumbukika, likasambaa dunia nzima. Utafiti ulikuja baadaye sana. I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo 2019 baada ya kufuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72, na wakakuta waliokuwa wanatembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 41 wakilinganishwa na wale wa hatua 2,700, halafu faida ikaendelea kupanda hadi karibu na 7,500, kutoka hapo mstari ukalala. Mwaka 2022 tafiti 15 zilijumlishwa pamoja, watu kama 47,000, na picha ikawa hiyohiyo: kwa wenye miaka 60 na kuendelea faida inafika kileleni kati ya hatua 6,000 na 8,000, kwa walio chini ya 60 ni kati ya 8,000 na 10,000.

Lazima niseme kitu hapa ili nisikupotoshe. Tafiti za namna hii zinaangalia watu jinsi walivyo, haziwapangii nani atembee nani asitembee, na mtu mgonjwa tayari anatembea kidogo kwa sababu anaumwa. Watafiti wanajitahidi kuondoa hilo kwenye hesabu ila haliondoki lote. Lakini kinachonigusa mimi ni umbo la ule mstari. Faida kubwa iko mwanzoni kabisa, pale mtu anapotoka 2,500 kwenda 4,500. Na huyo mtu ndo ambaye apu ya lengo la 10,000 inamwambia kila usiku kwamba ameshindwa, hata siku aliyoongeza hatua 2,000 nzima kuliko kawaida yake! Inaniuma sana hii. Mtu anafanya jambo jema zaidi alilowahi kufanyia moyo wake mwaka mzima na kioo kinamwonyesha duara halijajaa.

Shirika la Afya Duniani lenyewe halitaji hatua kwenye mwongozo wake wa 2020. Linataja muda: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za shughuli nzito, na juu ya hapo siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli, jambo ambalo apu za hatua huwa zimelisahau kabisa. Mwongozo wa zamani wa 2010 ulisema dakika zisihesabiwe mpaka ziwe angalau 10 mfululizo, huu mpya ukaondoa sharti hilo, kwa hiyo dakika tatu za kupanda ngazi kwa haraka nazo zinaingia. Shughuli ya wastani ni ipi? Unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa watu wazima wengi hiyo inaangukia kwenye hatua kama 100 kwa dakika, unaweza kujipima mwenyewe hata sasa hivi, hesabu hatua zako kwa sekunde 15 halafu zidisha mara nne. Apu ikikupa hatua 6,000 bila kukwambia zilikuwa za kuzungukazunguka ndani au za mwendo wa haraka, imekupa nusu ya habari.

Je zinafanya kazi? Ndiyo, kwa kiasi. Kabla hata ya simu janja kulikuwa na vile vipima hatua vya kubana kiunoni, na mwaka 2007 tafiti 26 zenye watu 2,767 zilikusanywa, ikaonekana waliovaa waliongeza kama hatua 2,500 kwa siku. Ila soma hapa vizuri: ongezeko lilikuwa kwa waliopewa lengo. Waliopewa kifaa bila lengo hawakuongeza kitu cha maana. Kwa simu na saa, uchambuzi wa 2021 uliojumlisha majaribio 28 na watu 7,454 ulipata ongezeko la hatua kama 1,850 kwa siku, na mapitio makubwa zaidi ya 2022 yakaja na namba hiyohiyo karibu, hatua 1,800 zaidi kila siku, na uzito kupungua kama kilo moja. Hatua 1,800 ukirudi kwenye ule mstari wa faida, kwa mtu wa 2,700 ni kitu kikubwa sana. Kilo moja ndo hivyo, ni kilo moja.

Na hapa niwaombe wanaopakua apu ili wapungue mwili tu, mshushe matarajio. Kuna jaribio la Marekani lililotoka 2016, vijana 471 wa miaka 18 hadi 35 wenye uzito uliozidi, wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi, halafu baada ya miezi sita nusu yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa mkononi. Baada ya miaka miwili wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani, wasio na kifaa kilo 5.9. Watu walishangaa sana. Haimaanishi kifaa kinanenepesha, inamaanisha kifaa peke yake hakiongezi upungufu wa uzito ulioko kwenye mpango mzuri. Kutembea kunasaidia moyo, sukari, usingizi, akili kutulia, na hayo yote mizani haiyaoni. Mtu akitumia mizani kuamua kama apu inamsaidia ataifuta mapema wakati mwili wake unanufaika.

Sasa kwa nini namba kwenye kioo imsogeze mtu mzima mwenye akili zake? Siri sio teknolojia. Wataalamu wa tabia, Susan Michie na wenzake wa London, walipitia mwaka 2009 programu 122 za kubadili ulaji na mazoezi wakatafuta kipi ndani yake kinafanya kazi, na kilichojitokeza juu ya vyote ni mtu kujifuatilia mwenyewe, hasa ikiunganishwa na kujiwekea lengo au kupata mrejesho. Basi. Sisi watu wazima hatujui tunakaa kiasi gani. Ukiniuliza jana nilitembea vipi nitakwambia nilizunguka sana, na nitakuwa namaanisha, lakini nilichokumbuka ni uchovu, na uchovu wa kukaa kwenye kiti saa tisa unafanana sana na uchovu wa kutembea. Namba inatenganisha hivyo viwili. Siku ya kwanza nilipoona nimepiga hatua 1,900 siku niliyodhani nimehangaika kutwa, hakuna daktari angeniambia kitu kikaniingia vile.

Ila kujiona kunazoeleka, na hapo ndo matatizo yanaanza. Mwaka 2016 mchezo wa simu wa Pokémon Go, ambao unatembea mitaani kusaka viumbe vinavyoonekana kwenye kioo, ulipotoka watu walimwagika barabarani na simu, na watafiti wakapima: wiki ya kwanza wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku, ikashuka wiki baada ya wiki, ya sita walikuwa wamerudi walikotoka. Ujumbe wa kukumbusha nao ni vilevile. Kuna jaribio la apu iitwayo HeartSteps lililofanyika kwa watu wazima 44 kwa wiki sita, simu inaangalia uko wapi, hali ya hewa ikoje, ni saa ngapi, halafu inakuletea wazo la kutembea linaloendana na hapo ulipo. Mwanzoni ujumbe mmoja uliongeza hatua kama 167 kwenye nusu saa iliyofuata, kitu kizuri sana. Lakini nguvu yake ilififia kadiri siku zilivyokwenda. Notifikesheni ikishakuwa kelele ya kila siku kichwa kinajifunza kuiruka, kama unavyoacha kusikia feni.

Pesa je? Singapore walijaribu kwa wafanyakazi 800, wengine wakapewa kifaa tu, wengine kifaa na pesa wakifikisha hatua, wengine kifaa na pesa inayoenda kwenye misaada. Miezi sita ya malipo kundi la pesa lilitembea zaidi. Malipo yalipokatwa, kufikia mwezi wa 12 ile faida ilikuwa imekwisha. Marekani walikuja na namna nyingine ya pesa, wafanyakazi 281, lengo hatua 7,000, wengine wanalipwa dola 1.40 kila siku wakifikisha, wengine wanawekewa dola 42 zote mwanzo wa mwezi halafu wanakatwa 1.40 kila siku wasiyofikisha. Pesa ni ileile, hesabu ni ileile. Wa kulipwa walifikisha lengo asilimia 35 ya siku, wasiolipwa kitu asilimia 30, na wale wa kukatwa asilimia 45. Kupoteza kilicho chako kunauma kuliko kupata kipya kunavyofurahisha, na apu nyingi zinatumia maumivu hayohayo bila pesa, zinayaita mfululizo wa siku.

Hapo kwenye mfululizo ndo nataka tukae.

Unajua ile alama inayokwambia siku ya 12, siku ya 13, siku ya 14 bila kukosa. Inafanya kazi vizuri hadi siku unayokosa. Mimi nilifika siku ya 58. Siku ya 59 mwanangu aliugua, tulikesha naye hospitali, na asubuhi nilipoangalia simu kile kinamba kilikuwa kimerudi sifuri, na chini yake kikatuni kinahuzunika. Nilijua kabisa kwamba kukaa na mtoto ndo ilikuwa kazi yangu siku ile na sijutii hata dakika moja, lakini lile sifuri lilinikata miguu, sikutembea wiki tatu. Sio kwa sababu nilichoka. Nilihisi kama miezi miwili imefutwa, wakati moyo na mapafu yangu hayakufuta kitu.

Sayansi iko upande wetu kwenye hili. Mwaka 2021 lilitoka jaribio kubwa sana lililofanyika kwenye mtandao mmoja wa jimu Marekani, wanachama 61,293, mbinu 54 tofauti zikijaribiwa kwa pamoja, kwa wiki nne. Iliyoongoza kuliko zote ilikuwa kumpa mtu bonasi ndogo ya pointi anaporudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Ndogo kweli, ni senti. Haikumzawadia aliyetimiza siku zote bila kukosa, ilimpokea aliyekosa. Na kuhusu tabia kujijenga, kuna utafiti wa London wa 2010 wa watu 96 ulioonyesha kwamba kitu kinaanza kujifanya chenyewe baada ya siku kama 66 kwa wastani, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo ile hadithi kwamba tabia inajengeka kwa siku 21 isikutishe ukifika siku ya 40 bado unajilazimisha.

Kama apu yako inakuruhusu kuweka lengo la wiki badala ya la siku, weka la wiki. Kama inakuruhusu siku za mapumziko, ziwashe. Kama kile kikatuni kinakuumiza, zima, au badili apu, hujasaini mkataba nayo.

Kitu kingine kinachodumu ni mtu. Pale Framingham, Marekani, familia 94 zenye watu wazima 200 ziliwekwa kwenye mchezo wa hatua kwa wiki 12. Kila wiki familia ilianza na pointi 70, na kila siku mtu mmoja wa familia alichaguliwa kwa bahati nasibu, huyo asipokuwa amefikisha lengo lake jana familia nzima inapoteza pointi 10. Hujui ni zamu ya nani hadi kesho yake. Walifikisha malengo asilimia 53 ya siku wakati familia zisizocheza zilikuwa asilimia 32, na mchezo ulipoisha walishuka lakini bado walikuwa juu. Napenda huo mpango kwa sababu mbili, kila mmoja alikuwa na lengo lake mwenyewe, sio la mwenye miguu mirefu, na kila wiki pointi zilirudi 70, yaani unaanza upya bila aibu. Jaribio jingine la 2019 kwa wafanyakazi 602 lililinganisha kushindana, kushirikiana na kuwa na mtu wa kukutia moyo, zote ziliongeza hatua wakati mchezo unaendelea, ila baada ya kufungwa ni kundi la kushindana pekee ndo liliendelea kuwa juu kwa uhakika. Sasa mashindano yana ubaya wake, nimeona kwenye grupu letu aliye mkiani anaacha kusoma meseji kabisa. Shindaneni kwa ongezeko la kila mtu juu ya kiwango chake, hapo hata mwenye goti bovu anaweza kuongoza.

Na nisiache kusema hili: simu haijengi njia ya miguu. Watafiti wa Stanford walichukua data za apu za watu 717,527 kwenye nchi 111, wakachapisha 2017, wastani ukawa hatua 4,961 kwa siku, na sehemu ambazo mji unatembeleka kwa miguu wanawake na wanaume walikaribiana zaidi kwa hatua zao. Mji usiotembeleka, wanawake ndo wanaopungua zaidi. Kwa hiyo mtu anayeishi pasipo na njia salama, anayerudi giza limeingia, asijione mvivu eti kwa sababu wenzake mtandaoni wanaonyesha elfu kumi na mbili. Kutembea ndani kunahesabiwa, ngazi zinahesabiwa, na ile ya kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi inajenga mapaja japo apu haitaiona.

Kuhusu lokesheni, kwa ufupi ila kwa uzito: kuhesabu hatua hakuhitaji GPS, kwa hiyo apu ya hatua tu ikiomba kujua ulipo muda wote una haki ya kukataa. Apu za kukimbia zinaihitaji ili zichore njia, na hiyo njia inaanzia mlangoni kwako. Mwishoni mwa 2017 Strava, apu ya wakimbiaji na waendesha baiskeli, walitoa ramani ya dunia ya njia za watumiaji wao, na Januari 2018 watu wakagundua kambi za jeshi zinaonekana ndani yake, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia wakizunguka kambi na vifaa mkononi. Ficha mwanzo na mwisho wa njia yako, setingi ipo, na usiweke hadharani njia unayopita kila siku saa ileile, hasa kama unatembea peke yako.

Turudi kwa mama. Nilichofanya ni kufuta lengo la 10,000 siku ileile. Nikamwambia wiki moja asijaribu kuongeza chochote, atembee kama kawaida yake ila simu iwe mfukoni, tena mfuko uleule, na kila jioni aandike namba kwenye daftari. Hakutaka, aliona ni wiki ya kupoteza. Ilipoisha wastani wake ulikuwa 3,140, wala haukuwa 412. Tukaongeza 500 tu, na hizo 500 tukazipa mahali pake, baada ya chakula cha mchana, kutoka mlangoni hadi kwa rafiki yake na kurudi, kwa mwendo wa kuongea bila kuimba. Akifikisha siku tano kati ya saba tunaongeza 300, asipofikisha tunabaki palepale wiki inayofuata, hakuna kurudi sifuri. Wiki mbili aliumwa mgongo akabaki palepale. Akaendelea.

Rafiki yake naye sasa ana daftari. Wiki hii lengo la mama ni 4,840, na jana alinipigia mapema kabla ya chakula, akaniambia nisimtafute saa nane maana atakuwa njiani.